Rekodi adimu za roki, butlegi na matoleo marefu: maswali ninayoulizwa kila leo

Nimeandika hii kwa sababu simu yangu imegeuka dirisha la maulizo. Saa sita usiku mtu anakutumia picha ya LP (santuri kubwa ya album nzima) kaipiga gizani, kidole gumba kimeziba nusu ya kava, na neno moja tu: "bei?" Sasa yote nimeyaweka hapa, ukishasoma na bado una swali ndo unitafute. Mi sio profesa wa muziki, ni fundi kompyuta wa Kinondoni ambaye miaka 15 sasa hela inayobaki mwisho wa mwezi inaishia kwenye santuri, na nimeshapigwa vya kutosha, kwa hiyo mashimo mengi nayajua kwa kutumbukia mwenyewe.

Kwani nyimbo zote si zipo YouTube? Hizo adimu ni zipi?

Hazipo zote mkuu. Bendi haiingii studio na nyimbo 10 ikatoka na nyimbo 10. Wanarekodi demo za majaribio, wanarudia wimbo mmoja mpaka mpiga drams anakasirika, nyimbo nyingine lebo (kampuni inayotoa rekodi) inazikataa, nyingine msanii mwenyewe anazikataa, kanda zinawekwa stoo na maisha yanaendelea. Kinachofika dukani ni kijiko kimoja kwenye sufuria.

Mfano wangu siku zote ni Bob Dylan na Like a Rolling Stone. Tarehe 16 Juni 1965 pale New York wakapiga teki (yaani kuurekodi wimbo mara moja) ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya 4 ikakubali, na hiyo ya 4 ndo dunia nzima inaijua, lakini siku ileile wakaendelea kuupiga tena na tena kama vile hakijatokea kitu. Mwaka 2015 ikatoka The Cutting Edge, kuna boksi la CD 6 ambalo ndani yake CD nzima ni wimbo huo mmoja tu, na kuna boksi lingine la CD 18, nakala 5,000 basi, lenye vitu vyake vya studio vya 1965 na 1966. Hiyo CD ya wimbo mmoja niliiweka Jumapili nafua, mke wangu akavumilia mpaka teki kama ya saba hivi akaja mlangoni akaniuliza, "hivi huyu baba wimbo wenyewe haujamkaa tu?"

Ndo hivyo sasa. Kuna watu wanalipa hela nyingi ili wasikie wimbo ambao bado haujamkaa mtu.

Butlegi ni nini hasa?

Ni santuri, kaseti au CD ya magendo, yenye rekodi ambayo msanii na lebo yake hawajaitoa. Usichanganye na feki. Feki ni kopi ya kitu ambacho kipo dukani, ile CD yenye kava la fotokopi. Butlegi inakupa kitu ambacho dukani hakipo kabisa, na ndo maana watu wanaiheshimu hata kama ni ya magendo.

Kwenye roki ile inayohesabiwa ndo ya kwanza kubwa ni Great White Wonder, Marekani, 1969. LP mbili ndani ya kava jeupe tupu, na ndani yake kuna nyimbo ambazo Dylan alizirekodi 1967 na wale jamaa ambao baadae walikuja kuitwa The Band, kwenye chumba cha chini cha nyumba moja huko West Saugerties. Hazikukusudiwa kutoka. Lebo ilikuja kuzitoa baadhi 1975, na zote kwa ujumla wake zikatoka 2014, CD 6, vipande 138. Piga hesabu mwenyewe, kutoka 1967 mpaka 2014, mtoto aliyezaliwa siku ile ana wajukuu.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Kuna santuri za magendo zilizokuwa na nembo ya nguruwe, Trade Mark of Quality, mpaka leo ukimtajia mzee wa kukusanya utaona macho yanavyomcheza. Rolling Stones walirekodiwa kwa siri Oakland Novemba 1969, ikatoka LP ya magendo, mwaka uliofuata na wao wakatoa laivu yao rasmi. The Who wao wakafanya utani kabisa, Live at Leeds ya 1970 wakaiweka kwenye kava la karatasi la kaki limepigwa muhuri kama la magendo, yaani mwenye duka anajifanya mmachinga.

Na magendo yana uongo wake. Kuna rekodi moja ya Dylan laivu ya 1966 iliuzwa miaka na miaka kwamba ni ya Royal Albert Hall London, kumbe ni Manchester, Free Trade Hall, tarehe 17 Mei. Ile ambayo mtu wa kwenye hadhira anasikika anamwita "Yuda!" Hata ilipotoka rasmi 1998 wakaliacha lile jina la uongo kwenye kava, ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu watu walishalizoea.

Kwa hiyo ni wizi?

Kwa sheria ndiyo, hata hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na msanii hapati hata mia. Mi sikuuzii butlegi na sikutengenezei kopi, usiniombe. Ila nikikudanganya kwamba sijawahi kuwa nayo utanicheka.

Kuna bendi zenyewe zimeruhusu. Grateful Dead waliacha mashabiki warekodi shoo, kuanzia 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao ya kusimama na maiki zao, sharti likiwa moja, badilishaneni lakini msiuze. Shoo yao ya Cornell, tarehe 8 Mei 1977, ilizunguka kwenye kaseti miaka 40 kabla haijatoka rasmi 2017. Kanda nzuri za kipindi kile alizirekodi dada mmoja fundi wao wa sauti, Betty Cantor-Jackson, na maisha yalipomkaba akashindwa kulipia stoo, mwaka 1986 vitu vyake vikapigwa mnada na kanda ndani yake. Fikiria unaenda mnadani unatafuta kabati unarudi na historia.

Halafu kuna Radiohead. 2019 mtu aliiba minidisiki zao, visahani vidogo vya kurekodia, za wakati wanatengeneza album ya OK Computer, ikasemekana anataka dola 150,000. Wao wakazimwaga zote mtandaoni wenyewe, masaa kama 18, kwa pauni 18, kwa siku 18, hela ikaenda kwa wanaharakati wa mazingira. Mwizi kabaki na mali ambayo kila mtu anayo. Hiyo stori huwa naisimulia hata kwenye daladala.

Matoleo marefu, yale maboksi, si ndo kuuziwa kitu kilekile mara mbili?

Mara nyingi ndiyo. Nakwambia ukweli kwa sababu na mimi nimenunua. Ukiona boksi linasifia "rimasta mpya" (sauti ile ile imesafishwa upya) na nyongeza yake ni rimiksi mbili na wimbo ule ule bila sauti, acha hapo hapo, kale kuku.

Lakini kuna mengine yanabadilisha kitu. Chukua hiyo hiyo Live at Leeds, ilitoka na nyimbo 6. Nyimbo 6 tu, kutoka kwenye shoo ya zaidi ya saa mbili! 1995 wakaifikisha 14, 2001 ikatoka karibu shoo yote, na Tommy, ile opera yao ya roki, ndani. Ukiisikiliza ile ndefu ndo unaelewa kwa nini wazee walikuwa wanaapa kwa jina lake, ile fupi ilikuwa kama kuonjeshwa pilau kwa kiganja. Beach Boys nao album yao ya Smile waliiacha 1967 haijaisha, watu wakakaa wanaunganisha vipande vya magendo wanabuni ingekuwaje, mpaka 2011 ndo rekodi zenyewe za studio zikatoka. Neil Young aliirekodi Homegrown katikati ya miaka ya 70 akaiweka kabatini, ikatoka 2020. Bruce Springsteen ndo kabisa, 2025 kafungua stoo akatoa album 7 kwa mpigo, nyimbo 83. Mtu ana album 7 ambazo hajatoa, na mimi hapa nina kaka yangu anatamba mjini kwa singo moja.

Kipimo changu ni hiki: kwenye nyongeza kuna kitu ambacho nikikisikia nitauona wimbo wa zamani tofauti? Kama hamna, naustrimu tu mara moja naendelea na kazi.

Kwa nini saa nyingine rekodi za zamani zinatoka nakala 100 tu halafu kimya kimya?

Hapo ni sheria ya Ulaya. Mwaka 2011 waliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 kwenda 70, ila rekodi ambayo haijatolewa ndani ya miaka 50 haifaidiki na nyongeza hiyo. Kwa hiyo lebo ikiona saa inakaribia inatoa ili mradi imetoa. Mwisho wa 2012 nyimbo za Dylan za 1962 zilitoka Ulaya kwenye CD za kuchoma, nakala kama 100 hivi, kava utadhani limeprintiwa steshenari ya mtaani. Desemba 2013 Beatles wakaweka nyimbo 59 za 1963 iTunes, bila matangazo ya maana. Wakusanyaji sasa kila Desemba wanakesha.

Album ni ileile, LP ni ileile, moja elfu 20 nyingine milioni. Kwa nini?

Hili swali nalipenda. Geuza sahani, acha lebo, ile karatasi ya duara ya katikati, tazama ile sehemu nyeusi tupu ambapo mistari inaishia. Washa tochi ya simu uilaze kwa ubavu, usimulike kwa juu. Utaona herufi na namba zimekwaruzwa kwa mkono. Hizo ndo kitambulisho.

Led Zeppelin II ya 1969 ya Marekani, ukikuta RL na SS zimekwaruzwa pale, hapo imekatwa (yaani mistari ya sahani mama imechongwa) na Robert Ludwig, pale studio ya Sterling Sound. Alikata na besi nzito kiasi kwamba kwenye playa za bei poa sindano ilikuwa inaruka, wakaikata upya imepoa kidogo. Kwa hiyo ile iliyokuwa na "kosa" leo ndo inatafutwa. Jina moja, kava moja, rangi moja, tofauti ni mikwaruzo minne ambayo muuzaji wa Karume hajawahi kuiona. Nimeshachuchumaa kwenye meza za mitumba pale na tochi mdomoni mpaka jamaa akaniuliza kama natafuta dhahabu. Sikuipata hiyo RL, msinitumie meseji. Nimepata za Brothers Johnson tatu, zote zimeoza.

Kuna na za kava. Beatles, Yesterday and Today ya Marekani, Juni 1966, ilipigwa picha wamevaa makoti ya wauza nyama na midoli imekatwakatwa, madukani wakalalamika, lebo yao Capitol ikazirudisha na nyingi wakazibandika tu picha nyingine juu yake, wamekaa na sanduku kubwa. Ukiwa na nakala ya picha ya sanduku, tazama upande wa kulia, usawa wa katikati, kama chini ya karatasi kuna kivuli cha pembetatu nyeusi basi hiyo ni fulana ya Ringo inachungulia. USIIBANDUE MWENYEWE KWA MVUKE WA BIRIKA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna mtu alishataka kujaribu.

Na kuna zilizofutwa kabla hazijatoka. Sex Pistols walisaini lebo ya A&M Machi 1977 wakatimuliwa ndani ya wiki moja, singo ya God Save the Queen ilishachapwa kama nakala 25,000, zikaharibiwa karibu zote. Zilizopona chache ndo zinawatoa watu roho.

Zanzibar kuna rekodi za Freddie Mercury za utotoni?

Hapana. Hapana. Hapana. Freddie alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule India akiwa bado mtoto, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Mtu akikuletea kaseti ya "Freddie akiimba Unguja" ujue unataka kupigwa, na ukimuuliza kaseti ilirekodiwa mwaka gani ataanza kukohoa.

Vyake vya kutafuta vipo. Singo ya Larry Lurex ya 1973, hiyo ni yeye kwa jina lingine, ilitoka kabla tu ya album ya kwanza ya bendi yake, Queen. Na Bohemian Rhapsody ya rangi ya bluu, lebo yao EMI walichapa 200 mwaka 1978 kusherehekea tuzo ya kampuni, kila moja ina namba yake. Ukiiona Forodhani kwa muuza vinyago niite, nauli ya boti nalipa mimi.

Kwetu Afrika hamna cha kukusanya? Mbona ni wazungu tu?

Haya, hapa kaa kitako.

Jirani zetu Zambia miaka ya 70 walikuwa na roki yao, Zamrock, gitaa zenye fazi (ile sauti ya kukwaruza) na midundo ya nyumbani, wanaimba Kiingereza na lugha zao. WITCH ndo wanaojulikana zaidi, LP yao ya kwanza, Introduction, ni ya 1972, mwimbaji wao Emanuel Chanda akaitwa Jagari kwa ajili ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Kuna Ngozi Family, Musi-O-Tunya, Rikki Ililonga, na Amanaz waliotoa Africa, 1975. Hiyo Africa ina miksi mbili tofauti, moja kavu na nyingine imejaa mwangwi kama wamerekodi pangoni, na walipoirudisha sokoni miaka hii wakaziweka zote mbili. Halafu uchumi wa shaba ukayumba, ukimwi ukaja ukawamaliza wanamuziki wengi, muziki ukazimika. Jagari akaenda kuchimba vito. Leo LP za mwanzo za kipindi kile zinauzwa dola mamia, nyingine maelfu, na WITCH wamefufuka wakatoa album mpya 2023.

Sasa sikiliza. Mjomba wangu alikuwa fundi wa TAZARA. Reli ile ni kilomita 1,860 kutoka hapa Dar mpaka Kapiri Mposhi, na yeye akienda alikuwa anarudi na vitu, vitenge vya shangazi, blanketi, na santuri. Alipofariki tukagawana, mi nikachukua sanduku la santuri kwa sababu hakuna aliyelitaka. 2011 nina shida ya kodi, akaja mtu kaletwa na rafiki, mgeni mstaarabu sana, akapekua taratibu, akachagua 7, akanipa elfu 15 kwa kila moja. Nikamsindikiza mpaka kwenye bajaji! Nikamfungia na mfuko ili zisilowe! Moja wapo ilikuwa Africa ya Amanaz. Nilikuja kuijua miaka miwili baadae, nimekaa kwenye kompyuta ya mteja, nikaona lile kava kwenye skrini na bei chini yake, nikafunga duka saa tisa mchana nikaenda nyumbani.

Hakuniibia. Alijua, mi sikujua, basi. Ndo sababu ya kwanza ya hii yote ninayoandika.

Na sisi tulikuwa na yetu. The Sunburst, bendi ya hapa hapa Dar, afro-roki ya kueleweka, LP yao Ave Africa ni ya 1976. Kwa miaka mingi kuipata ilikuwa ndoto, mpaka 2016 lebo ya Strut ya Uingereza ikakusanya kazi zao zote za 1973 mpaka 1976 ikazitoa pamoja. Toleo refu la maana kuliko nusu ya hayo maboksi ya Ulaya, na watu wa mji huu huu hawalijui. Mara ya kwanza naiweka kwenye playa nilikuwa nacheka peke yangu, lile gitaa linatoka hapa, kwenye jua hili hili.

Na kanda za RTD?

Sio roki lakini kila mtu anauliza. Bendi zetu za dansi zilikuwa zinaenda kurekodi Radio Tanzania, kanda zinabaki redioni, na santuri zikitaka kuchapwa kazi inaenda Nairobi. Kwa hiyo nyimbo nyingi za Marijani Rajabu au Mlimani Park watu walizisikia redioni wakazirekodi kwa kaseti zao nyumbani. Kumbukumbu zile leo ziko TBC. Ukiwa na santuri halisi ya bendi hizi iko safi, usiifanye sinia ya ukutani tafadhali, nimeziona kwenye mgahawa mmoja zimepigiliwa misumari nikashindwa kumaliza juisi.

Santuri inatunzwaje kwenye joto la Dar?

Isimamishe wima kama kitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Isikae ukuta unaopigwa na jua la jioni. Ndani ya gari usiiache hata dakika kumi. Mi niliacha Wish You Were Here ya Pink Floyd kwenye buti ya Vitz, nilikuwa naingia mara moja tu kwa mteja pale Shekilango, mteja akaniletea na kompyuta ya mtoto, kurudi baada ya saa moja sahani imejikunja kama chapati ya jana. Ipo mpaka leo, ukiiweka sindano inapanda inashuka kama mtumbwi.

Adui wa pili ni unyevu. Masika kava linatoka madoa, sahani inaota fangasi, ile kama vumbi jeupe lililoganda. Mi nasafisha na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, ULIZA KWANZA dukani, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unazungusha kufuata mistari, usikatishe. Lebo isilowe. Kama ni zile sahani nzito za zamani za kasi ya 78, zinazovunjika kama kigae, usiweke spiriti kabisa, inazila. Mfuko wa nailoni wa ndani toa, weka wa karatasi, nailoni kwenye joto letu inagandana na sahani.

Nina kaseti za baba, nifanyeje?

Kwanza usiziweke kwenye redio yoyote uliyokutana nayo, redio chafu inameza kanda. Angalia kile kipande kidogo cha sufi katikati ya mdomo wa kaseti, kikishadondoka sauti inakuwa ya kuzama. Kanda ikilegea ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu uzungushe taratibu, kama zamani. Ipeleke mbele mpaka mwisho halafu irudishe, ndo uicheze. Unapoihamishia kwenye kompyuta hifadhi WAV au FLAC, faili zisizopunguza sauti, sio MP3 kwanza, MP3 ni ya kumtumia shangazi WhatsApp.

Na usirukie mbele. Nina kaseti ya TDK ya dakika 90 ya mjomba, upande A kaandika kwa wino "Zambia 2", nikajua nitakuta bendi. Ni yeye mwenyewe karekodi redio kwa kuweka maiki mbele ya spika, jogoo anawika, katikati ya solo ya gitaa shangazi anauliza mafuta ya taa yamewekwa wapi. Bendi mpaka leo sijaitambua. Nimewapigia watu watatu wa Lusaka hiyo solo kwenye simu, kila mmoja kataja bendi yake.

NM, VG+, VG maana yake nini?

Ni madaraja ya hali ya sahani. NM karibu mpya. VG+ ina alama kidogo, inasikilizika vizuri, mi nanunua hapa. VG kirefu chake ni kwamba ni nzuri sana, ila ukiiweka unasikia mtu anakaanga dagaa. G hata usijisumbue, labda iwe kitu cha pekee duniani.

Kuagiza kutoka nje inakuwaje?

Nauli ya mzigo mara nyingi inazidi bei ya sahani, weka na kodi za kuingiza humo humo usije ukashangaa. Agizeni watu wawili watatu pamoja. Mwambie muuzaji atoe sahani nje ya kava aziweke pembeni pembeni ndani ya bahasha ngumu, la sivyo safari nzima sahani inagonga kava mpaka inalipasua juu. Kuna muuzaji mmoja alinitumia LP ndani ya kadibodi moja laini na utepe, ilifika na kona zimepigwa kama sikio la bondia, na hela hakurudisha.

Jamaa ananiuzia flashi ya "rekodi 5,000 za siri za roki" kwa elfu 50, nichukue?

Hapana, hizo zote zinazunguka bure na nusu yake zimeandikwa majina ya uongo.

Kuna rekodi ambayo hakuna mtu yeyote anayo?

Carnival of Light ya Beatles. Waliirekodi tarehe 5 Januari 1967 kwa ajili ya shoo moja ya taa na sauti London, inakaribia dakika 14, ni makelele makelele tu kwa maelezo ya waliokuwepo, na mpaka leo haijatoka rasmi wala kwa magendo. Miaka karibu 60! Akikwambia mtu anayo, muulize na ile kaseti ya Unguja.

Nyingine ni sahani ya kwanza kabisa ya wale vijana kabla hawajaitwa Beatles, 1958, wakijiita Quarrymen. Ipo moja duniani, na Paul McCartney alikuja kuinunua mwenyewe 1981. Akatengeneza kopi kama 50 kwa ajili ya marafiki, hata hizo kopi ukipata moja unajenga.

Naanza leo na laki moja, ninunue nini?

Usinunue kitu kwanza. Nenda kwa bibi, kwa mjomba, kwa jirani aliyefanya kazi bandarini au reli, uliza kama kuna sanduku juu ya kabati. Piga picha kila kava na kila lebo, kwenye mwanga. Halafu tafuta bei ambazo zimeshauzwa kweli, sio ambazo mtu anaomba, kuomba hata mimi naweza kuomba milioni 10. Tovuti ya Discogs inaonyesha zilizouzwa. Ukishajua ulichonacho ndo utajua laki yako iende wapi, labda kwenye playa yenye sindano nzima maana hizi za sanduku za bei chee zinakwangua.

Unauza za kwako? Naweza kuja kusikiliza?

Siuzi, nilishauza 7 zinatosha. Kusikiliza karibu, Jumamosi kuanzia saa nane, umeme ukiwepo. Ukija na sahani yako ije kwenye mfuko wenye kivuli, na usiishike kwa katikati.